Jifunge kamba ukiwa bado chini

Kitinda mimba wetu,

Jumapili ulinipigia simu ukiwa na furaha ambayo sijaisikia kwako tangu uondoke. Leseni umepata, jirani amekuazima bunduki, na msimu wa kuwinda ayala, yule mnyama Wamarekani wanamwita "deer", ukifunguliwa huko Wisconsin mwezi wa Novemba utaingia msituni saa kumi na moja alfajiri, peke yako, gizani, hadi kwenye dungu, jukwaa la mwindaji lililofungwa mtini. Nilikupongeza. Kisha nikakata simu, na usiku huo sikulala. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua wapo dada na mama wengine ambao vijana wao wako ughaibuni na wameingia katika shughuli hiyo hiyo.

Sikukatazi. Sisi tumezaliwa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ayala mwenyewe huku hayupo. Kulungu wa msitu wa Karura ni wa ukoo mwingine. Pembe zake hukaa naye maisha yake yote, ilhali dume la ayala huangusha zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Kwa hiyo habari za mnyama waulize wenyeji. Mimi nina la kusema kuhusu giza na mti. Hayo mawili kwetu tunayajua.

Unaukumbuka usiku Baba alipoenda kurina asali? Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka kilio tu. Nyuki wetu wa Kitui ni wakali mchana, kwa hiyo alikwenda usiku kama warinaji wote, na kamba ya katani begani. Alimwambia Mama, "Naenda mizingani," basi. Mizinga yake ilikuwa pande tatu za kijiji. Alikwea mgunga salama, akafika, akajifunga. Alipotaka kuhama kutoka tawi moja hadi jingine akafungua kamba, kitambo cha kuvuta pumzi tu. Aliokotwa asubuhi na watoto wachunga mbuzi. Mama alikuwa ametafuta usiku kucha upande usio wake. Nilipopelekwa pale niliiona kamba ikiwa bado juu, kitanzi kiko wazi, na sisimizi wamepanga mstari wakipanda kufuata asali iliyoilowesha. Nyonga ya Baba haijawahi kurudi ilivyokuwa.

Ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii. Kila asubuhi niko mjengo hapa Upper Hill, Nairobi, nakagua hanesi za vijana, ile mikanda ya usalama ya mwilini, kabla hawajapanda, na nakuambia nilichokiona kwa miaka: mtu aliyetulia juu haniogopeshi sana. Namwogopa anayepanda, anayeshuka, na anayehama kutoka ngazi kuingia jukwaani. Dungu la mwindaji ni hivyo hivyo. Na wewe utakuwa unahama gizani, umevaa nguo nzito za baridi, vidole vimekufa ganzi.

Kwa hiyo nenda mchana kwanza, wiki kadhaa kabla, na mtu wa kukushikia ngazi. Funga kamba moja ndefu kutoka juu ya dungu hadi kwenye shina chini. Juu yake weka lile fundo linalopanda ukilisukuma kwa mkono na kukaza likivutwa kwa ghafla. Siku ya kuwinda, hanesi yako ya mwili mzima iungane na fundo hilo ukiwa bado umekanyaga ardhi, na isitoke hapo mpaka uikanyage tena. Usiifungue eti unageuka kukaa. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika ngazi kila wakati. Bunduki haipandi na wewe: iache chini bila risasi, uivute kwa kamba yake ukishakaa. Ukianguka na hanesi ikakudaka, usining'inie tu ukingoja msaada. Damu hutuama miguuni na mtu huzimia. Beba mkanda wa kukanyagia, usimame ndani yake, uichezeshe miguu.

Njia yenyewe ipite mchana mara mbili tatu. Pigilia kwenye miti zile pini ndogo zinazong'aa ukizimulika. Kurunzi ya mwanga mwekundu ni nzuri, kwa sababu haiyapofushi macho yako gizani na ayala huiona rangi hiyo kwa shida. Ndiyo sababu pia lile koti la rangi ya chungwa halimshtui, na sheria ya huko inataka lifunike angalau nusu ya nguo zako juu ya kiuno. Livae tangu garini. Lakini gizani koti halionekani, kwa hiyo ukisikia nyayo za mwindaji mwingine, washa taa nyeupe na umsemeshe. Bora umkose mnyama siku hiyo. Upepo uwe unatoka aliko mnyama ukija kwako, maana pua yake inakuona kabla ya macho.

Hili la mwisho ndilo lililoniamsha usiku. Usiniambie "naenda msituni". Nitumie lokesheni ya mti wenyewe, mti huo mmoja, kabla hujafunga mlango wa gari, na saa utakayoshuka. Saa kumi na moja yako alfajiri ni saa nane mchana hapa. Niko macho, simu iko mfukoni. Mpe na huyo jirani, maana yeye ndiye atakayefika.

Baba nimemweleza jana. Alinyamaza, akaipapasa ile nyonga, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Kamba anaifunga wapi?"

Ukishaifunga, lipige picha hilo fundo. Nataka nimwonyeshe.

Dada yako