Risala ya Wauguzi wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wauguzi Duniani, Nakuru, 12 Mei

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wakuu wetu wa hospitali, wauguzi wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi ni heshima ambayo hatujaizoea, na tunakushukuru kwa dhati.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2020, Korona ilipobisha hodi nchini, tukawa tunafundishana kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga kwa video za simu. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno. Tumewafunza wenzetu 14 kuzuia maambukizi, tumebandika picha za kunawa mikono wodini, na kwa michango yetu tumenunua rangi ya maji ya kufundishia. Muuguzi huvaa glavu, akafumba macho, akajipaka rangi hiyo kama anayenawa. Akifumbua, kidole gumba na ncha za vidole bado ni vyeupe. Hahitaji kuelezwa zaidi.

Mheshimiwa, turuhusu sasa tuseme lililo moyoni.

Majeruhi wa ajali ya barabarani kule Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, akifika kwetu huwekewa mpira wa kupumulia kooni, mpira wa mkojo, na dripu kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Kila mpira ni mlango. Vijidudu kama Klebsiella na Acinetobacter, ambavyo mara nyingi ni sugu kwa dawa, hupenya hapo, na aghalabu mikono yetu ndiyo huvibeba. Mtu amenusurika kwenye lori, kisha anapata nimonia ambayo hakuja nayo.

Mwaka jana tuliletewa dada mmoja kutoka wodi ya wazazi, zamu ya usiku, siku yake ya kwanza. Alimfyonza makohozi mgonjwa wa kitanda cha tatu, kisha kwa glavu zile zile akashika dripu ya kitanda cha nne. Tulipomzuia alishangaa, akasema, "Lakini nimevaa glavu." Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba glavu humkinga yeye, si mgonjwa wa pili, na kwamba mikono husafishwa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, hata baada ya kugusa kitanda chake tu. Sanitaiza ni sekunde 20 hadi 30. Alilia usiku ule, nasi hatukulala.

Wale 14 tuliowafunza, wengi wamekwisha kuhamishwa. Tunaanza upya kila mara.

Ombi letu ni moja: ile stoo iliyo kando ya wodi iwe chumba cha mafunzo. Iwekwe sinki lenye maji, kitanda kimoja, sanamu ya kujifunzia na mkufunzi wa kudumu, na muuguzi yeyote mgeni apite humo siku 10 kabla ya kukabidhiwa mgonjwa. Akishafunzwa, aachwe wodini angalau miaka miwili.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi litatimia kabla ya mwezi kwisha. Tulipiga makofi, tukamvisha shada. Aliyemfuata alileta mafundi, wakapima ukuta wa stoo, wakachora kwa penseli mahali pa sinki. Tumeandika barua tatu za kukumbusha, na nakala zimo ndani ya bahasha hii tunayokukabidhi. Alama ya penseli bado ipo.

Stoo ni hatua chache kutoka hapa. Tunakuomba, kabla ya chakula, uingie nasi uione alama hiyo, kisha utuandikie kwa mkono wako, katika kitabu cha wageni, tarehe ambayo mafundi watarudi.

Ni sisi wauguzi wako,
Katibu, kwa niaba ya kamati