Risala ya Waongoza Wageni wa Rabai kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, wazee wa kaya, viongozi wa dini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa furaha isiyo kifani tunakukaribisha kilimani kwetu. Historia unaijua, hatutakuchosha. Wamisionari wa Kijerumani, Krapf na Rebmann, walianzisha misheni hapa Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846. Rebmann alifunga safari kutoka hapa hadi akauona Kilimanjaro mwaka 1848. Kanisa lao la kwanza ndilo makumbusho ya leo, na Kanisa la Mtakatifu Paulo likajengwa mwaka 1887.

Kikundi chetu kimepiga hatua kubwa mno. Tumenunua viti 10 vya plastiki (8 bado vizima), na vijana wetu 3 wanaeleza habari za Krapf mwanzo hadi mwisho bila kuchungulia karatasi.

Mheshimiwa, shida yetu ni choo. Mgeni akifika bandani kwetu, swali lake la kwanza huwa si la Krapf. Basi la shule likishusha watoto 60 waliobanwa tangu Mombasa, tunawagawa kwa majirani, kumi kumi. Mama wa nyumba ya pili, mvumilivu kweli, siku hizi akisikia honi anatia choo chake kufuli na kwenda zake shambani. Hatumlaumu.

Si kwamba hatujaomba. Aliyekaa kiti hicho miaka 3 iliyopita alisema, "Wiki mbili tu." Tulipiga vigelegele, tukamvisha leso, tukampa mbuzi. Tukachimba shimo kwa mikono yetu, futi 20, ili kazi isimlemee. Aliyemfuata alilichungulia shimo, akalisifu sana. Naye akaondoka na mbuzi. Shimo tumelifunika kwa magogo na miiba, lakini kila masika kingo zinamomonyoka.

Hatusemi, Mheshimiwa, kwamba wewe ni kama wao. Tunaomba mifuko 30 ya saruji, mabati 12, tangi la maji la lita 5,000 na milango 4, mmoja uwe mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Mchanga, kokoto na jasho ni juu yetu. Pesa taslimu hatuombi. Fundi ni yule mwenye kofia ya kijani, vipimo anavyo mfukoni. Tunakusihi kwa unyenyekevu uzungumze naye kabla ya chakula.

Mbuzi yupo. Bado amefungwa pale mwembeni.

Ahsante. Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wanakikundi.