Malalamiko na madai: saa mliyonifungia kwenye dashibodi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Salamu kwanza, kwa kuwa nimelelewa hivyo.

Masharti ya kazi yenu mnayajua wenyewe, yako nyuma ya risiti, sina haja ya kuyanakili. Naanza na juzi alfajiri. Gari lilikuwa limekaa siku 5 bila kuguswa. Nikazungusha ufunguo, likalia tik-tik-tik, kisha kimya. Kitu pekee kilichokuwa hai mle ndani ni saa yenu, taa yake ikififia kama kaa linalozimika.

Saa nilinunua kwenu na mlifunga ninyi. Ina nyaya tatu tu. Mweusi ni wa ethi, yaani unaofungwa kwenye bati la gari. Mwekundu unataka moto wa kudumu, yaani umeme usiokatika hata ukichomoa ufunguo, ili saa isipoteze majira. Wa njano ni wa taa, nao unataka moto wa ufunguo, ule unaokuja ufunguo ukiwashwa tu. Sikuyatunga mimi, yameandikwa kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Fundi wenu akaupeleka mwekundu kwenye ufunguo. Wiki nzima, kila nikiwasha gari ni saa sita kamili. Alfajiri saa sita, jioni natoka kazini saa sita.

Nikarudi kwenu na kikaratasi mkononi. Nikamwonyesha fundi mchoro, nikasema kwa upole kwamba nadhani waya mwekundu umekaa pasipo pake. Akanijibu mbele ya watu, "Mama, mambo ya waya hayasomwi kwenye karatasi. Nenda kakae pale kwenye benchi." Nikakaa. Mtu mzima na akili zangu, nikakaa.

Na alichokifanya nilipokuwa nimekaa nimekijua juzi, kwa fundi mwingine aliyekuja kuliamsha gari. Waya mwekundu na wa njano vyote kavipachika kwenye moto wa kudumu! Saa sasa inashika majira, ndiyo, lakini taa yake haizimi usiku wala mchana. Fundi huyo aliweka mita gari likiwa limezimwa, ikasoma miliampea 300. Gari lililolala, akanieleza, halitakiwi kula zaidi ya miliampea 50 hivi. Fyuzi ya ampea 1 inayotajwa kwenye kikaratasi haipo. Maungio yamesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, ambayo imeshaanza kubanduka. Shoti ikitokea pale, ni nini kitakachokata moto kabla waya haujaungua nyuma ya dashibodi? Ethi nayo imebanwa kwenye skrubu iliyolegea, ndiyo maana saa ilikuwa ikipepesa nikipita kwenye matuta, nami nikidhani ni macho yangu.

Tundu lenyewe sijalisema. Saa ni ya milimita 52. Tundu limekatwa mithili ya limetafunwa, kisha mkaziba kwa silikoni. Hilo lilifanyika siku ya kwanza kabisa, nami nikanyamaza, nikisema basi, mradi ifanye kazi. Kosa langu.

Narudi kwenye ile siku ya benchi, maana juu sikuandika yote. Kabla hajaniambia nikakae, fundi wenu alikichukua kile kikaratasi mkononi mwangu. Nikadhani anakisoma. Akajifutia grisi, kidole kimoja kimoja, huku ananitazama, kisha akanirudishia. Ndipo akasema, "Mama, mambo ya waya hayasomwi kwenye karatasi." Wateja wawili wakacheka. Kijana anayejifunza kazi akainamisha kichwa. Msimamizi wenu alikuwa kaunta, hatua chache tu, akaendelea na simu yake. Betri hununuliwa, Ndugu Meneja. Hilo la benchi sijui mtalilipaje.

Nilipoanza kuandika nilitaka jambo moja tu, kazi irudiwe na fundi mwingine, fyuzi ikiwamo. Haitoshi. Nataka pesa yangu yote ya saa na ya ufundi. Nataka betri mpya, kwa kuwa iliyoishiwa kabisa namna ile hairudi kuwa ile ile. Nataka paneli ya dashibodi isiyo na tundu la kutafunwa. Na nataka barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi ya fundi na ya msimamizi wake, wote wawili.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa 7, kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, napeleka shauri kwenye chombo cha kutetea walaji na kwa wakili, pamoja na picha za nyaya na maandishi ya fundi aliyepima.

Kikaratasi ninacho bado, na alama za vidole vyake vya grisi zinaonekana. Nimeambatisha nakala. Chenyewe sikitoi.

Mteja wenu,
mwenye risiti