Mwanangu, swali la saba libadilishe

Binti yangu mpendwa,

Jana ulipokata simu nilibaki barazani mpaka adhana ya isha, maneno yako yananirudia. Unataka kuhama kozi. Wenzako wa uhandisi wanakwambia wao watajenga madaraja, ninyi wa sosholojia mtakaa chini ya daraja mkijaza madodoso. Na mjomba wako naye, kwenye harusi ya juzi, akakuuliza mbele za watu kama sosholojia inaliwa. Nimeona jambo hili halifai kujibiwa kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sikulazimishi, mama. Ukihama, ada nitalipa vilevile. Ila kuna habari ya mwaka 2012 ambayo sijawahi kukusimulia yote, na nataka uijue kabla hujapeleka fomu ya kuhama.

Mvua ya Desemba 2011 labda unaikumbuka kidogo, ulikuwa bado mdogo sana. Bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, lilijaa, watu wapatao 40 wakapoteza maisha, wengine walikesha juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Shangazi yako alitoka Kigogo na watoto na karai lake la kukaangia samaki, basi. Serikali ikatoa viwanja Mabwepande, kule upande wa Bunju, na familia zilizokuwa bondeni zikapelekwa huko. Mimi wakati ule nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, na ofisi yetu ikatutuma kwenda kuwahoji waliohamia.

Dodoso lilikuwa na ukurasa mmoja. Swali lililobeba uzito wote lilikuwa hili: "Je, umeridhika na kiwanja ulichopewa?" Ndiyo au hapana, weka tiki. Nilikaa mlangoni mwa hema, jua kali, watu wamepanga foleni, mgambo amesimama pembeni. Nani angesema hapana? Amepewa ardhi bure, na anayemuuliza ameshika kalamu ya serikali. Karibu wote walisema ndiyo. Shangazi yako pia alisema ndiyo, na alipolisema hakunitazama usoni. Nikaandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameyapokea makazi mapya vizuri.

Kabla mwaka haujaisha nikamkuta shangazi yako Kigogo, pale pale, karai liko jikoni. Nilimfokea, nakiri. Nikamwambia amechezea bahati. Hakunijibu kwa hasira. Alinivutia kigoda, akafungua kiberiti, akamwaga njiti kwenye sinia. Akaanza kuzipanga. Hii nauli ya kwenda Feri, soko la samaki. Hii ya kurudi, na ndoo ya samaki inalipiwa kama abiria. Hii usingizi, maana mnadani Feri unatakiwa uwepo alfajiri, na kutoka Mabwepande angelazimika kuamka saa nane usiku, na saa hiyo gari hakuna. Hizi tatu ni vijana wa gereji wanaokula kwa mkopo na kulipa Jumamosi. Kule hamjui mtu wa kumkopesha. Hii ni mchezo wao wa kuchangiana fedha kila wiki, kijumbe anakaa nyumba ya tatu. Hii ni jirani anayemwangalizia mtoto akiwa sokoni. Kisha akachukua njiti moja, akaiweka peke yake upande wa pili wa sinia. "Hii ni mafuriko," akasema. "Haya yanakuja siku moja, kaka. Hizi nyingine ni za kila siku."

Ofisini tuliwaita watu kama yeye wakaidi. Neno hilo lilikuwa kwenye taarifa zetu, na mimi ni mmoja wa walioliandika. Vile viwanja vilipimwa na mafundi hodari, mipaka imenyooka. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na mama mmoja kabla ya lori kuja, amuulize siku yake inaanzaje na inaishaje, fedha inapita mikono ya nani, nani anamlelea mtoto. Kazi hiyo ina jina, na jina lake ndilo la kozi hiyo unayotaka kuiacha. Ingefanywa, pengine wangetafutiwa viwanja karibu zaidi, au lingewekwa gari la alfajiri la kwenda Feri. Na nyumba za bondeni leo zingekuwa chache zaidi. Maana usinielewe vibaya: mto ni hatari kweli, na kila mvua ikipiga mimi silali kwa ajili ya shangazi yako.

Babu yako alinisimulia habari inayofanana na hii, ya mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya wakulima kwenye vijiji. Walihamishiwa kando ya barabara ili wafikiwe na shule na zahanati, na shule ilikuja kweli. Ila shamba lilibaki mwendo wa nusu siku, na nguruwe pori walivuna kabla yake. Nia ilikuwa njema. Mkulima hakuulizwa analinda shamba lake vipi usiku.

Mjomba wako atasema hayo ni mambo ya nyumbani kwetu tu. Basi msimulie Ebola. Ilipolipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, dawa wala chanjo iliyothibitishwa haikuwepo, na mwili wa marehemu ulikuwa hatari mno. Timu za afya zilikuja na mavazi meupe, zikafunga maiti kwenye mifuko ya plastiki na kuondoka nazo. Watu wakaficha wagonjwa. Wakazika usiku. Sehemu nyingine walizipiga mawe zile timu. Madaktari walijua jinsi virusi vinavyosambaa. Wanaanthropolojia, ndugu zenu katika kusoma maisha na mila za watu, ndio waliokaa na wazee wakaeleza kwamba kumzika mzazi bila kuoshwa na bila dua, kwa watu wale, ni kumtupa. Novemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima: familia ishirikishwe, imamu au mchungaji awepo, ndugu wapate kuona na kuomba pasipo kugusa. Zaidi ya watu 11,000 walikufa katika mlipuko ule. Nani kati yetu Waswahili, ambao maiti haizikwi bila kuoshwa na kusaliwa, hawezi kuielewa hofu ya wale ndugu?

Na vyandarua je? Wewe ulilala ndani ya chandarua cha Hati Punguzo. Mama yako aliipata hati kliniki ukiwa tumboni, akaongeza fedha kidogo dukani. Mpango ule ulianza mwaka 2004, na ulisaidia wengi. Lakini kulikuwa na hoja kubwa miaka ile: wengine walidai kitu cha bure hakithaminiwi, kwamba mtu asipolipa atakifanya wavu wa kuvulia. Hata mimi niliamini hivyo. Watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakalipima jambo hilo kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: kwingine bure, kwingine kwa bei ndogo tofautitofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei hata ikiwa ndogo iliwafukuza wengi, na waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua. Ubishi wetu wa miaka mingi ofisini, mama, ulimalizwa na watu waliokwenda kuhesabu na kuchungulia vitandani.

Mji wenyewe huu tazama. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 Dar es Salaam mjini. Ya 2022 ikakuta mkoa mzima una watu 5,383,728. Mhandisi atachora mtaro, na tunamhitaji sana, usibishane na wenzako juu ya hilo. Lakini mtaro unapita mlangoni kwa watu. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, walipoanza kuchora ramani za mitaa inayofurika, kazi iliyoitwa Ramani Huria, walitembea na wenyeji uchochoro kwa uchochoro, kwa kuwa mwenyeji ndiye anayejua maji yaliishia ukuta gani.

Sasa nije kwenye dodoso lako la fildi ulilonitumia wiki iliyopita, la taka na mitaro Tandale. Nimelisoma mara mbili. Limenitia huzuni kidogo, kwa sababu nimeliona lile langu la Mabwepande ndani yake. Swali la saba: "Je, huwa unatupa taka kwenye mtaro?" Hakuna mtu Tandale atakayekujibu ndiyo. Utarudi chuoni na asilimia nzuri na mtaro umejaa vilevile. Libadilishe. Uliza mvua ikianza usiku, taka za nyumba hii zinakwenda wapi. Uliza gari la taka mara ya mwisho lilifika lini, na lilisimama wapi, kwa sababu vichochoro vile havipitishi gari. Uliza mvulana wa mkokoteni anachukua shilingi ngapi kwa kiroba, na siku ambayo hayupo inakuwaje. Uliza anayemwaga ni nani ndani ya nyumba: mara nyingi ni mtoto aliyetumwa, na mtoto hatafika kwenye kizimba cha taka kama kiko ng'ambo ya barabara kubwa.

Halafu rudi ukawaambie ulichokikuta. Hili nalisisitiza. Tandale wameulizwa sana, wamechoka. Watafiti wanakuja na miavuli na maji ya chupa, wanajaza karatasi, hawaonekani tena. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku ya mkutano, usome matokeo kwa Kiswahili, waache wakukosoe.

Fomu ya kuhama iweke kwanza. Jumamosi njoo nyumbani mapema, twende wote Kigogo kwa shangazi yako. Anaanza kukaanga saa kumi jioni, vijana wa gereji wanaanza kuja kulipa saa kumi na mbili. Nimemwambia utakuja. Daftari liache ndani ya begi mpaka akupe sahani.

Baba yako