Kabla ya kusema mtoto hana kipaji, kagua ala yake

Mtoto anapuliza klarineti, nota ya chini haitoki, mwalimu anamwambia abane midomo. Anabana, inatoka kelele. Anabana zaidi. Baada ya wiki kadhaa midomo imeshazoea kubana vibaya, hamu imepungua, na mmoja wa watu wazima wanaomzunguka ameshatamka kwamba huyu hana kipaji cha muziki. Kumbe pedi moja, yaani kifuniko laini kinachoziba tundu, ya sehemu ya juu ya ala imechanika kwa upana wa unywele.

Hili hutokea sana kwenye ala za shule, na sababu yake iko wazi. Ala ya shule hupita mikono mingi, hulala kabatini likizo nzima, na anayeishika kwa mara ya kwanza hajui ala isiyo mbovu inavyopaswa kujibu. Hana cha kulinganishia. Mchezaji mzoefu akipewa saksafoni inayovuja atalalamika ndani ya dakika moja, lakini mwanafunzi hujilaumu mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya fundi wa ala, ya anayetyuni piano (anayerekebisha sauti za nyuzi zake) na ya anayetunza karatasi za nota ni sehemu ya somo lenyewe, hata kama hakuna kati yao anayeingia darasani.

Tuanze na klarineti, kwa sababu ndiyo inayodanganya walimu kuliko ala nyingine. Kadiri nota inavyoshuka, ndivyo matundu mengi zaidi yanavyotakiwa kuzibwa. Tundu moja likivuja juu, kila nota iliyo chini yake inaathirika. Dalili yake ni hii: nota za mkono wa kushoto zinatoka vizuri, ila kila mara mtoto akiongeza vidole vya mkono wa kulia sauti inakwama au inaruka juu kwa kelele. Hapo kuna mashaka mawili tu ya kwanza, vidole au pedi.

Vidole vinapimwa hivi. Mwambie mtoto azibe matundu yote na abonyeze kwa sekunde kama kumi, kisha akuonyeshe ncha za vidole. Kila kidole kinapaswa kuwa na alama ya duara kamili. Duara likikatika upande mmoja, kidole hicho hakizibi. Mara nyingi ni kidole cha tatu cha mkono wa kulia.

Maduara yakiwa kamili, pima ala. Chukua kipande cha juu peke yake, bila kipulizio. Ziba matundu yote kwa vidole kama unapiga, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, halafu weka mdomo juu na unyonye hewa. Kipande kisichovuja kitashika mnyonyo kwa sekunde kadhaa, na ukiachia kitatoa mlio mdogo wa “pop”. Hewa ikiingia mara moja, kuna uvujaji. Kuujua ulipo, kata utepe mwembamba wa karatasi ya kusokotea sigara, upana wa milimita tano hivi, uingize chini ya pedi, funga kitufe kwa wepesi na uvute. Rudia pande nne za kila pedi. Upande ambao karatasi inateleza bila kukwaruza ndio unaovuja.

Pedi nyingi za klarineti ni felti iliyofunikwa ngozi nyembamba sana ya utumbo wa mnyama. Maji ya pumzi huilowesha, ikikauka inakakamaa, na hatimaye inachanika. Kinga yake haina gharama: kitambaa chenye uzi na uzito mdogo kipitishwe ndani ya ala kila baada ya kupiga, kabla haijarudi kwenye kasha. Sisi mafundi wa ala tunasisitiza neno kila. Ala iliyofungiwa ikiwa mbichi kwa miezi miwili haiharibu pedi tu, hata koki (ganda laini la mti linalozunguka maungio) hulegea gundi yake na kubanduka.

Kosa jingine linatokea wakati wa kuunganisha. Kati ya kipande cha juu na cha chini kuna kiungo kidogo cha chuma, kila upande na nusu yake. Mtoto akisokota vipande bila kubonyeza pete za chuma zinazozunguka matundu ya kipande cha juu, nusu moja inagonga nyingine na kupinda. Fundisheni darasa zima siku ya kwanza: shika kipande cha juu kwa mkono wa kushoto, bonyeza pete ili kiungo kiinuke, sokota kidogo kidogo huku na huku, usisukume moja kwa moja. Koki ikiwa kavu ipakwe grisi yake kwanza. Kiungo kilichopinda hurekebishwa na fundi kwa muda mfupi, lakini kikirudishwa kwa plaizi na mtu asiyejua, chuma huchoka na kukatika, na hapo kazi inakuwa ya kulehemu.

Kuhusu kununua, msimamo wetu ni wazi: mwanafunzi anayeanza apewe klarineti ya plastiki. Klarineti za mbao huchongwa kwa mpingo, mti ambao sehemu kubwa ya mbao zake za ala hutoka Tanzania na Msumbiji, na sauti yake ni tamu kweli. Lakini mpingo mpya unahitaji kuzoeshwa, dakika 15 hadi 20 kwa siku katika wiki za mwanzo, kwa sababu pumzi ya moto na unyevu hutanua mbao kwa ndani wakati nje bado ni baridi na kavu. Hapo ndipo ufa unapoanzia, kwa kawaida kwenye kipande cha juu. Bendi inayopiga uwanjani, juani au kwenye baridi ya asubuhi, haina nafasi ya utaratibu huo. Shule inayoagiza ala za mpingo nje ya nchi ijue pia kwamba mti huu uliingizwa kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017, na ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa masharti hayo mwaka 2019. Mbao ghafi hazikusamehewa.

Saksafoni ina shida zilezile za pedi, ikiwa na nyongeza moja: sukari. Mwanafunzi anayekunywa soda kisha akapuliza anapeleka sukari hadi kwenye pedi, na kitufe cha G♯ ndicho kinachoganda kwanza kwa sababu hukaa kimefungwa na springi yake ni dhaifu. Anywe maji matupu kabla ya kipindi, asukutue mdomo, inatosha.

Tarumbeta ni ngumu kuharibika, ila ina mitego miwili. Vali, yaani pistoni zinazobonyezwa kwa vidole, zina namba 1, 2 na 3, na kila moja ina kiti chake. Zikichanganywa baada ya kusafishwa, hewa inaziba kabisa, na mtoto atapuliza hadi masikio yaume bila sauti. Soma namba, ingiza vali polepole, izungushe hadi usikie imekaa, ndipo ufunge kifuniko. Mtego wa pili ni kipulizio kilichokwama. Usitumie plaizi, usizungushe kwa nguvu: bomba la kupulizia limelehemiwa kwenye mwili wa ala kwa viungo vidogo, na ndivyo vinavyoachia. Kuna kifaa maalumu cha kuvutia, na shule yenye tarumbeta zaidi ya tano ingefaa iwe nacho. Kuosha ni kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto hubandua vanishi.

Fidla: vitu viwili visivyo na gundi

Wengi hudhani daraja la fidla, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, limegundishwa. Halijagundishwa, wala nguzo ya sauti iliyomo ndani, kile kijiti cha mbao kinachosimama kati ya ubao wa juu na wa chini. Vyote viwili vinashikiliwa na mvuto wa nyuzi tu. Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa moja moja. Ukizifungua zote kwa pamoja daraja linaanguka, na nguzo inaweza kulala. Ikitokea nguzo imelala huku nyuzi bado zimekazwa, fanya kinyume: legeza nyuzi zote mara moja, kwa sababu ubao wa juu sasa hauna kinachoushikilia kutoka ndani na unaweza kudidimia au kupasuka.

Kila unapokaza vigingi vya kichwani vinavyovuta nyuzi, kichwa cha daraja huvutwa kidogo kuelekea ubao wa vidole. Siku moja haionekani, mwezi mmoja linakuwa limeinama, na likiachwa linapinda moja kwa moja au linaruka katikati ya mazoezi. Mwalimu alitazame kwa ubavu mara moja kwa wiki. Uso wake unaotazama mkia wa fidla unatakiwa usimame wima juu ya ubao. Likiwa limeinama, mtu mzima alirudishe kwa vidole vya mikono miwili, polepole, nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo.

Tena kuna suala la urefu. Fidla nyingi za bei nafuu hufika zikiwa na daraja ambalo halijachongwa kulingana na ala hiyo. Mwishoni mwa ubao wa vidole, uzi wa E kwenye fidla ya ukubwa kamili unatakiwa uwe juu ya ubao kwa milimita tatu na nusu hivi, na uzi wa G kama tano. Tunakuta mara mbili ya hapo. Mtoto wa miaka minane anayebonyeza uzi ulioinuka kiasi hicho ataumia vidole, atachelewa kufika kwenye nota, na atapiga sauti zilizopanda kwa sababu uzi unavutwa unapobonyezwa. Kuchonga daraja ni kazi ya kawaida kabisa ya karakana, na hakuna matengenezo mengine ya fidla yanayoleta tofauti kubwa hivyo kwa anayeanza. Ukubwa nao upimwe upya kila mwaka: mtoto akinyoosha mkono, kichwa cha fidla kinapaswa kuangukia kwenye kiganja chake bila kujivuta.

Piano ya ukumbini

Piano ina nyuzi kama 230, na mvuto wao kwa jumla hufikia tani 18 hivi. Mzigo wote huo unabebwa na fremu ya chuma, lakini sauti inategemea ubao mpana wa mbao ambao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Ubao ukivimba nyuzi zinakazwa, ukisinyaa zinalegea. Kwa hiyo sauti za piano huhama hata kama haiguswi. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 60 bila kuyumba sana, kutyuni mara mbili kwa mwaka kunatosha. Piano mpya ityuniwe mara nne katika mwaka wa kwanza, kwa sababu nyuzi bado zinanyooka. Isikae dirishani, wala chini ya kiyoyozi, wala isiwekewe chombo cha maua juu yake.

Tatizo kubwa ni piano iliyoachwa miaka mingi. Huwa imeshuka yote kwa pamoja, kwa hiyo peke yake inasikika kama iko sawa. Kwaya inajifunzia hapo, masikio yanazoea, kisha siku ya kuungana na bendi iliyotyuniwa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango cha kimataifa kilichomo kwenye ISO 16 ya mwaka 1975, kila mtu anaonekana amekosea. Piano kama hiyo haipandishwi kwa mkupuo mmoja. Fundi akikaza nyuzi za mwisho, mzigo mpya unausukuma ubao na zile alizoanza nazo zinashuka tena. Hupita mara ya kwanza kwa haraka kuiinua, mara ya pili kwa makini, kisha hurudi baada ya wiki chache. Anayeahidi kuimaliza kwa ziara moja na isishuke, muulize vizuri.

Wakati wa kazi hiyo ukumbi uwe kimya. Fundi anasikiliza mawimbi yanayotokea nyuzi mbili zinapokaribiana: moja ikiwa 440 na nyingine 442, sauti inapepea mara mbili kwa sekunde, naye anakaza hadi kupepea kukome. Ufagio na viti vinavyoburutwa vinazima kabisa kitu hicho anachokitafuta.

Anayetunza nota

Huyu husahaulika kuliko wote. Kila karatasi ya sehemu ya ala inatakiwa kuwa na namba, na jalada liwe na orodha ya sehemu zilizomo na idadi yake. Zikusanywe siku ya tamasha, jukwaani, kabla watu hawajatawanyika. Sehemu ya klarineti ya pili ikipotea, kuna njia: klarineti na tarumbeta za kawaida zote ni za Bb (C iliyoandikwa husikika kama Bb ya piano), hivyo mmoja anaweza kusoma karatasi ya mwenzake, mradi mtu akague kwamba nota hazishuki wala kupanda kupita uwezo wa ala. Saksafoni alto ni ya Eb, hiyo lazima iandikwe upya.

Na anayeandika upya awe anajua ala. Kwenye klarineti, kutoka A au Bb ya katikati kwenda B inayofuata ni kuhama kutoka vidole vichache hadi karibu vyote kwa pamoja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandikiwe melodi inayokaa upande mmoja wa mpaka huo. Badiliko la nota mbili tatu kwenye karatasi huokoa vipindi vizima vya mazoezi.

Mkitaka tuje kukagua

Wakati mzuri ni mwanzo wa likizo ndefu. Wiki ya mwisho kabla ya tamasha tunaweza kuziba uvujaji na kubadilisha nyuzi, lakini gundi ya fidla iliyofunguka ubavu inahitaji muda wa kukauka na piano haitulii. Tukifika tunagawa ala mafungu matatu: zinazopigika leo, zinazotengenezeka palepale, na zinazokwenda karakana. Kila kasha linafungiwa kadi yenye namba ya ala, tarehe, na kilichofanyika.

Mnapotuandikia, msiishie kwenye “mbovu”. Andikeni ni nota gani isiyotoka, inakwama kila mara au baada ya kupiga kwa muda, na kama ala iliwahi kuanguka. Ulimi wa mwanzi (kile kipande chembamba kinachotetemeka unapopuliza) uliotumika uachwe kwenye kipulizio chake, maana mara nyingine tatizo liko hapo. Vipande vyovyote vilivyobanduka, hata skrubu moja au kipande cha koki, vitieni kwenye bahasha iliyoandikwa namba ya ala. Msivigundishe na gundi ya haraka. Kuitoa gundi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.