Kuhusu jokofu la vioo

Chicago

Salim mdogo wangu,

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Ujumbe wako wa kuniomba fedha za jokofu la duka lako nimeupata, na maneno ya Mjomba pia, kwamba nimekuwa mkono wa birika. Hilo limeniuma. Mboga na matunda ya duka zima hapa yanaagizwa kwa sahihi yangu, kazi ambayo mgeni hapewi hivi hivi. Nikisema ngoja, najua ninachokisema.

Huku maduka makubwa ya vyakula yanafungwa mitaa ya wanyonge. Englewood, kusini mwa jiji, walifunguliwa Whole Foods mwaka 2016. Novemba 2022 ikafungwa. Aprili 2023 Walmart ikatangaza kufunga maduka yake 4 ya Chicago kati ya 8. Watu husema ni wizi. Wizi upo, lakini anza kuhesabu kwenye mboga.

Katika kila dola 100 za mauzo, duka la vyakula hubaki na dola 1 hadi 3. Tuseme 2. Kasha la mboga la dola 20 likioza, lazima uuze bidhaa za dola 1,000 ndipo uirudishe hasara ile. Na kadi ya chakula ambayo serikali huwapa wanyonge hujazwa mara moja kwa mwezi, fedha zinaisha mwezi haujaisha. Ukiagiza kwa kipimo cha siku zile za neema, baadaye unatupa. Ukipunguza, mteja anakuta rafu tupu, anapanda basi kwenda kwingine na harudi. Majokofu nayo yanakula umeme usiku kucha, awepo mteja asiwepo.

Duka linalokufa utalijua. Bucha ya ndani inafungwa, nyama inaletwa ikiwa imeshafungashwa. Pakiti zinasogezwa ukingoni mwa rafu, mstari mmoja tu, ionekane imejaa. Ukipeleka mkono nyuma hugusi kitu. Likishafungwa, kuna kampuni zinazoweka sharti kwenye hati kwamba jengo lile lisiuze vyakula kwa miaka kadhaa. Huo kwangu ni ukatili. Bibi mzima anabaki kupanda basi na galoni ya maziwa, karibu kilo 4, mkono mmoja.

Sasa wewe unataka jokofu la milango miwili kwa fremu ya Barabara ya 12, na nusu ya wateja wanakopa hadi mwisho wa mwezi. Nitumie picha za risiti za umeme wa LUKU za miezi 3 na daftari la madeni, kurasa zote, hata ile ya Mjomba. Kwa wiki 4 andika kila jioni maziwa uliyouza na uliyomwaga. Ukimwaga zaidi ya lita 1 katika 20, jokofu halitakuokoa, punguza oda.

Laki mbili natuma Ijumaa, za unga na mchele tu. Machungwa ya Muheza yameanza? Huku yanapakwa nta, yanang'aa, hayanukii.

Mizani ya Baba usimwuzie mtu.

Dada yako