Nani alizihesabu galaksi?

Ndugu Salim,

Salamu nyingi. Umeuliza nani aliyekaa akazihesabu galaksi zote, yale makundi makubwa ya mabilioni ya nyota, na kwa nini leo unasoma bilioni 200, kesho trilioni 2. Hakuna aliyezihesabu zote. Walihesabu kipande, wakazidisha.

Toboa karatasi kitundu cha mraba, milimita 1 kwa 1, ukiweke mita 1 kutoka jichoni. Kipande cha anga cha ukubwa huo ndicho darubini ya angani Hubble ilichokikodolea macho kati ya Septemba 2003 na Januari 2004, jumla ya sekunde kama milioni 1, mahali palipoonekana kama hapana kitu. Zikatokea galaksi 10,000 hivi. Anga zima linaingia vitundu milioni 13. Zidisha: bilioni 130.

Kasheshe ni zile zisizoonekana. Galaksi ndogo ni hafifu mno, na nuru ya zile za mbali imevutwa na kutanuka kwa ulimwengu hadi ikawa infraredi, nuru isiyoonekana kwa macho, ambayo Hubble huishika kidogo tu. Mwaka 2016 timu ya mwanaastronomia Christopher Conselice ilikadiria zilizokosekana, ikafika trilioni 2. Lakini humo vimo na vigalaksi vya zamani sana ambavyo vilishamezana kitambo. Kisha mwaka 2021 zikaja hesabu za New Horizons, chombo cha angani kilichokwisha kuipita Pluto. Huko vumbi linaloakisi mwanga wa Jua ni haba, kwa hiyo kilipima giza lenyewe. Zingekuwa trilioni 2, anga la huko lingeng'aa zaidi. Mimi nashika mamia ya bilioni.

Na sisi? Tumo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), karibu nusu ya njia kuelekea ukingoni. Hapo Dodoma, Julai saa nne usiku, geukia kusini uinue macho juu sana, kwenye kundi la nyota la Mshale: kitovu kiko upande huo, nyuma ya vumbi.

Andromeda, galaksi kubwa jirani, isubiri Novemba, saa tatu usiku, upande wa kaskazini, nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Toka nje ya mji, macho yazoee giza dakika 20, usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo ndipo kile kiukungu kitajitokeza. Nuru yake iliondoka miaka milioni 2.5 iliyopita. Mwezi ukiwepo, lala tu.

Wako,
Juma